Blaise Pascal: Mfaransa aliyeeleza siri ya breki kabla ya gari kuwako

Magari yanayobeba viazi kutoka soko la Kibirichia, eneo la Buuri katika Kaunti ya Meru, hayana budi kuteremka. Yakielekea mjini Meru yanateremka, na yakishika njia ya Subuiga kwenda Isiolo yanateremka zaidi, mizigo ikiyasukuma kutoka nyuma. Katika safari ya namna hiyo dereva hutegemea kitu kimoja, nacho ni kanyagio la breki lililo gumu chini ya wayo wake.

Mafundi wa gereji za barabarani huijua dalili ya hatari. Kanyagio lililozoea kusimama juu huanza kuzama kama sponji. Dereva akilipiga mara mbili tatu linapanda tena, naye hudhani kuwa mambo yametengemaa. Hayajatengemaa. Hewa imepenya ndani ya paipu za breki, na hadi itakapotolewa, gari hilo linasimama kwa bahati tu.

Mtu aliyeeleza kwa nini hewa kidogo yaweza kuvunja nguvu za mguu wa dereva hakuwahi kuona gari la injini. Aliaga dunia mjini Paris mwaka 1662, akiwa na umri wa miaka 39, zaidi ya karne mbili kabla ya magari hayo kuanza kuuzwa. Jina lake ni Blaise Pascal. Wanafunzi wa shule za upili humkuta katika somo la fizikia, wakaikariri kanuni yake kwa ajili ya mtihani na kuisahau wiki inayofuata. Maisha yake hawafundishwi.

Pascal alizaliwa Juni 19, 1623 katika mji wa Clermont, jimbo la Auvergne, katikati ya Ufaransa. Ni nchi ya milima iliyotokana na volkeno, jambo ambalo mtu aliyekulia ubavuni mwa Mlima Kenya angelielewa upesi. Baba yake, Étienne, alikuwa afisa wa mahakama ya kodi na mjuzi wa hisabati. Mama yake, Antoinette Begon, alifariki mtoto huyo akiwa na miaka mitatu pekee. Aliachwa na dada wawili: Gilberte, aliyemtangulia kuzaliwa, na Jacqueline, kitindamimba.

Mnamo 1631 mzee Étienne aliihamisha familia hadi Paris. Hakumpeleka mwanawe shuleni, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani. Alipanga kuanza na lugha na kuiacha hisabati hadi kijana akomae, akihofia kwamba somo hilo lingemteka na kumsahaulisha mengine. Vitabu vya jiometri vikafichwa. Kwa mujibu wa Gilberte, aliyeandika maisha ya ndugu yake baadaye, mvulana huyo alianza kuchora maumbo sakafuni kwa makaa, na akiwa na miaka 12 akafikia peke yake ukweli kwamba pembe tatu za pembetatu hujumlika kuwa sawa na pembe mbili za mraba. Huenda dada alimpamba ndugu yake kidogo. Hata hivyo, lisilo na shaka ni kwamba mwaka 1640, akiwa na miaka 16, Pascal alichapisha waraka kuhusu mikato ya pia uliowashangaza wanahisabati wa Paris.

Wakati huo baba alikuwa ametumwa Rouen kusimamia kodi za jimbo la Normandie, kazi yenye hesabu zisizokwisha. Kijana alimwona mzazi wake akikesha juu ya tarakimu, na mnamo 1642 akaanza kuunda mashine ya magurudumu yenye meno iliyoweza kujumlisha na kutoa. Alitengeneza vielelezo vipatavyo 50 kabla ya kuridhika. Mashine hiyo ilikuwa ghali, wanunuzi wakawa wachache, na zilizosalia duniani leo hazifiki kumi au zinakaribia idadi hiyo. Lakini kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo wasomi wengi wa zama zake hawakulijua: kushauriana na mafundi wa chuma, kuona kifaa kikikwama, na kurudi kukirekebisha.

Mwaka 1646 habari zilimfikia kuhusu jaribio lililofanywa nchini Italia na Evangelista Torricelli. Neli ya kioo iliyojazwa zebaki ikipinduliwa ndani ya bakuli lenye zebaki, zebaki hushuka kiasi kisha husimama, na juu yake hubaki nafasi isiyo na kitu chochote kinachoonekana. Wasomi wa tangu kale walishikilia kwamba maumbile hayawezi kuvumilia utupu. Basi ni nini kilichokuwa juu ya zebaki hiyo?

Pascal hakutaka kujibu kwa mabishano. Rouen ilikuwa na mafundi hodari wa kioo, naye akaagiza neli zenye urefu wa futi 46, ambazo zilifungwa kwenye mlingoti wa meli ili ziweze kuinuliwa. Akazijaza maji, kisha mvinyo mwekundu, mbele ya watazamaji. Walioamini kwamba nafasi ya juu hujazwa mvuke walitarajia mvinyo, ambao hutoa mvuke kwa urahisi, ushuke chini zaidi kuliko maji. Haikuwa hivyo. Urefu wa kila kimiminika ulifuata uzito wake. Mwaka uliofuata, 1647, alichapisha matokeo hayo.

Bado lilibaki swali kuu: ni kitu gani kinachoishikilia zebaki isianguke yote? Pascal alihisi kwamba ni uzito wa hewa inayoilemea zebaki ya bakulini. Kama hisia hiyo ilikuwa sahihi, basi mtu akipanda mlima, akaacha sehemu ya hewa chini yake, zebaki ingepaswa kushuka. Paris haina mlima. Clermont inao.

Ndipo alipomwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa Gilberte. Septemba 19, 1648, Périer na wenzake waliiacha neli moja katika bustani ya watawa mjini Clermont, chini ya uangalizi wa mtawa mmoja siku nzima, nao wakapanda na nyingine hadi kilele cha Puy de Dôme, chenye mita 1,465. Neli ya bustanini haikubadilika. Ile ya kileleni ilishuka kwa zaidi ya inchi tatu za vipimo vya wakati huo, yapata sentimita nane. Waliirudia kazi hiyo mara kadhaa katika pembe mbalimbali za kilele, ndani ya kibanda na nje yake, upepo ukivuma na ukitulia, na jibu likawa lile lile. Wakulima wa Kibirichia hupanda viazi vyao juu zaidi ya kilele hicho, na hewa wanayoivuta ni nyepesi kuliko ile iliyomshangaza Périer.

Kutokana na majaribio hayo Pascal aliandika risala mbili alizozikamilisha kufikia mwaka 1654, moja kuhusu mlingano wa vimiminika na nyingine kuhusu uzito wa hewa. Risala ya kwanza ndiyo inayomhusu kila mwenye gari.

Katika risala hiyo alifikiria chombo kilichojaa maji na kufungwa kila upande, isipokuwa matundu mawili, moja likiwa na upana mara mia ya jingine, kila moja likizibwa kwa pistoni. Mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo, alieleza, ataweza kushindana na watu mia wanaosukuma ile kubwa. Sababu ni kwamba kimiminika kilichofungiwa hulipeleka shinikizo pande zote bila kulipunguza. Kila sehemu ya ukuta wa chombo, ikiwa na upana sawa na pistoni ndogo, husukumwa kwa nguvu ile ile. Hakuna uchawi wala nguvu iliyozuka bure, kwani pistoni ndogo lazima isafiri mwendo mrefu ili ile kubwa isogee kidogo tu.

Breki za matatu na pikapu ni chombo hicho. Mguu wa dereva husukuma pistoni ya silinda kuu. Mafuta ya breki hulibeba shinikizo kupitia paipu nyembamba. Na pistoni pana zilizo katika magurudumu yenye diski huzibana pedi dhidi ya diski inayozunguka. Mafuta hayo hayakubali kubanwa, na kwa hiyo hufikisha yote yaliyotumwa.

Hewa ni kinyume chake. Katika risala ya pili Pascal alieleza kwamba hewa ya chini imesongamana kwa kulemewa na hewa ya juu yake, kama vile sufu iliyorundikwa hubanwa zaidi chini ya rundo, na kwamba kibofu kilichojazwa hewa nusu hufura kikipandishwa mlimani na kunywea kikiteremshwa. Kiputo kilichonaswa ndani ya paipu ya breki hufanya kazi hiyo hiyo ya kunywea. Dereva anapokanyaga, safari ya mguu wake huishia katika kukibana kiputo, na kanyagio hufika sakafuni kabla shinikizo la kutosha halijalifikia gurudumu. Kukanyaga tena na tena huongeza mafuta ndani ya paipu kwa muda, lakini kiputo kinabaki pale pale kikingoja mteremko.

Hii ndiyo maana ya kutoa hewa, kazi ambayo wenye magari wengi huifanya nyumbani wakisaidiana wawili. Mmoja huketi penye usukani. Mwingine hujilaza karibu na gurudumu akiwa na spana, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa yenye mafuta safi ya breki. Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa magari mengi yenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, ingawa kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Aliye ndani hukanyaga na kushikilia. Aliye nje huilegeza skrubu yenye tundu, mafuta yakatoka pamoja na viputo, kisha huikaza kabla mwenzake hajainua mguu. Mguu ukiinuliwa mapema, breki huinyonya hewa upya na kazi yote imeharibika. Hurudiwa hivyo hadi mafuta yatoke bila kiputo, huku chombo cha mafuta kikiongezwa mara kwa mara kisije kikakauka.

Mafuta yaliyotoka hayarudishwi. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo hushusha kiwango cha joto ambapo huchemka. Yale ya daraja la DOT 4 yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Katika mteremko mrefu diski hupata moto mkali, mafuta yaliyochakaa huchemka, na mvuke huzaliwa ndani ya paipu zilizokuwa hazina kiputo asubuhi. Hapo ni kana kwamba hewa haikutolewa kamwe. Kutia mafuta ya injini badala yake ni hatari zaidi, kwa sababu huvimbisha na kuharibu mipira iliyomo ndani ya silinda. Magari yenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia magurudumu yasikwame huenda yakahitaji kifaa cha gereji, na malori makubwa hayaingii kabisa katika habari hii, maana breki zake huendeshwa kwa upepo wenyewe, na kinachotolewa katika mitungi yake ni maji.

Wakazi wa Meru hawahitaji kukumbushwa uzito wa jambo hili. Julai 24, 2022, basi lililokuwa likielekea Mombasa kutoka Meru lilivunja kingo za daraja la Nithi na kutumbukia mtoni, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo za maafisa zilizitaja breki miongoni mwa yaliyoshukiwa.

Kanuni ya Pascal ilingoja muda mrefu kabla ya kufungiwa magurudumuni. Mwingereza Joseph Bramah aliitumia katika mtambo wake wa kukandamiza, aliousajili mwaka 1795. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye tahajia ya jina lake ilibadilika kuwa Lockheed, alipata hataza ya breki za mafuta mnamo 1917, na gari la Duesenberg la mwaka 1921 likawa la kwanza kuuzwa kwa umma likiwa na breki hizo katika magurudumu yote manne.

Tukirudi kwa Pascal mwenyewe, mwaka huo wa 1654 alioikamilisha kazi yake ya vimiminika ndio uliomgeuza. Baba alikuwa amefariki mnamo 1651. Jacqueline, mwandani wake mkuu, aliingia utawa katika abasia ya Port-Royal mwanzoni mwa 1652, kinyume cha matakwa ya kaka yake. Ipo simulizi ya kale kwamba farasi waliokuwa wakivuta gari lake walishtuka penye daraja la Neuilly, wakatumbukia katika mto Seine, na kwamba hatamu zilikatika na gari likabaki likining'inia ukingoni, Pascal akiwa ndani. Wanahistoria wengi huitilia shaka. Lililo hakika ni usiku wa Novemba 23, 1654, ambapo kwa muda wa saa mbili hivi alipata tukio la kiroho lililomtikisa. Aliliandika katika karatasi, akaishonea ndani ya bitana ya koti lake, na kila alipobadili koti aliihamisha. Hakumwambia mtu. Ni mtumishi wake aliyeigundua baada ya kifo chake.

Tangu hapo alijiweka karibu na watu wa Port-Royal, waliokuwa na ugomvi mkali na Wajesuti kuhusu neema ya Mungu na ulegevu wa maadili. Kati ya 1656 na 1657 alichapisha kwa siri, chini ya jina la bandia, barua 18 za kuwatetea. Polisi walizisaka mashine za uchapaji, Roma ikazipiga marufuku, na Paris ikaendelea kuzisoma. Baadaye alianza kukusanya mawazo ya kuitetea imani ya Kikristo, akiyaandika katika vipande vya karatasi ambavyo hakuwahi kuvipanga kuwa kitabu. Afya yake, iliyokuwa dhaifu tangu ujana, ilizidi kuzorota. Jacqueline alifariki Oktoba 1661.

Ajabu ni kwamba mradi wa mwisho wa mtu huyu mgonjwa ulihusu usafiri wa umma. Akishirikiana na rafiki yake, mtawala wa Roannez, alibuni mpango wa magari ya farasi yatakayopita njia maalum za Paris kwa nauli moja ya sou tano, na kuondoka kwa wakati hata kama hayajajaa. Kipengele hicho cha mwisho kingewachekesha abiria wa matatu wa Meru, waliozoea kuketi kituoni hadi kiti cha mwisho kipate mtu. Mfalme Louis wa 14 alitoa idhini, na njia ya kwanza ikafunguliwa Machi 18, 1662. Watu walijipanga barabarani kuyatazama magari hayo, na wengine walikosa nafasi siku nzima.

Pascal alikuwa na shabaha nyingine. Majira hayo ya baridi njaa ilikuwa imewakumba maskini wa Blois, naye akaomba alipwe mapema sehemu ya faida yake ili awatumie. Washirika walikataa, kwa kuwa faida yenyewe haikuwa imepatikana. Nayo mahakama kuu ya Paris ikapitisha kwamba askari, watumishi na vibarua wasiruhusiwe kupanda. Hivyo usafiri ambao mmoja wa wabunifu wake alitaka uwalishe maskini ulifungiwa mlango maskini wenyewe. Ulidorora polepole na kukoma yapata 1677.

Kiangazi cha mwaka huo wa 1662 Pascal alikuwa ameikaribisha familia moja maskini nyumbani kwake. Mtoto wa familia hiyo alipopatwa na ndui, ilibidi watenganishwe na Gilberte, aliyekuwa akija kumwuguza ndugu yake ilhali ana watoto wake nyumbani. Pascal aliona kwamba kumhamisha mtoto mgonjwa kungemdhuru zaidi kuliko kuhama yeye. Akatoka katika nyumba yake mwenyewe, akahamia kwa dada yake, na humo akafariki Agosti 19, 1662. Alizikwa katika kanisa la Saint-Étienne-du-Mont mjini Paris.

Risala zake mbili zilikuwa bado hazijapigwa chapa. Aliyezitoa, mnamo 1663, ni Florin Périer, yule yule aliyepanda mlima na neli ya zebaki. Vipande vya mawazo yake ya dini vilichapishwa mwaka 1670. Mnamo 1971 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulikubali kwamba kipimo cha shinikizo kiitwe paskali, na ndiyo sababu geji nyingi za kupimia upepo wa magurudumu, kando ya namba ambazo madereva huzisoma, zina safu nyingine isiyotazamwa sana yenye herufi kPa.